Nusu ya Ugonjwa

Husema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo tele, na zote zilimhusu mtu mmoja: shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Wanaume wengine humwonea wivu jirani anayechungulia dirishani kwao. Mimi nilimwonea wivu mtu aliyenikaribisha, aliyenipisha msikitini, aliyeniita "shemeji" kwa sauti ya mapenzi ya kweli, na ambaye binti yangu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi.

Ili unielewe, jua kwanza nyumba za kwetu Komoro. Nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti, na mume huja na sanduku lake na adabu zake. Mimi nilioa Mutsamudu, kisiwani Nzuani, katika mji wa mawe ulio chini ya ngome, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Nilitoka Moroni, kisiwa kingine, Ngazija. Na hata Moroni sikuwa na pa kujivunia. Nilizaliwa Majunga, kule Bukini, yaani Madagaska, na mwaka wa sabini na saba tulirudishwa kwa ndege na mabunda yetu, baada ya watu wetu kuuawa kule. Mama yangu alibaki kaburini hukohuko. Wenzangu wa Ngazija wana manyahuli, yaani shamba au nyumba inayotoka kwa mama kwenda kwa binti, kizazi kwa kizazi. Ndugu wa kiume hula matunda yake lakini hawezi kumrithisha mwanawe. Sisi hatukuwa na manyahuli wala mti wa ndimu. Nilikuwa mgeni Majunga, mgeni Moroni, na Mutsamudu nikawa mgeni wa wageni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Nilikuwa fundi cherehani. Kazi na Kiswahili nilivipata kwa fundi mmoja aliyetoka Unguja, na vyote viwili vimenilisha. Kibanda changu kilikuwa karibu na bandari, na shemeji alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini hapohapo. Mchana alipita kifua wazi, gunia begani, akinitania: "Fundi, nishonee shati lisilochanika!" Watu walicheka. Nami nilicheka, maana mgeni lazima acheke.

Binti yetu alizaliwa mwaka mmoja kabla ya vurugu. Tangu siku za mwanzo alikuwa akinyonya kidogo, anaacha, anahema, paji la uso linatiririka jasho kama mtu aliyepanda ngazi. Hospitali ya mji walisikiliza kifua wakasema moyo ni mnene kupita kiasi. Kwa nini, hawakujua. Wanawake wa nyumbani walimwinua mtoto kwenye mwanga na kumgawa. Kope ni za mjomba wake. Kidole gumba cha mguu ni cha mjomba. Hata kile kikunjo cha shingo, mjomba. Nilimkagua yule mtoto kama nguo iliyotoka kwa fundi mwingine, nikitafuta mshono wangu, na sikuuona hata mmoja.

Kibaya zaidi, alinyamaza akibebwa na mjomba tu. Mimi nikimchukua analia mpaka midomo inabadilika rangi, na kila mtu mle ndani ananyosha mikono nimrudishe. Shemeji anampokea, anamlaza juu ya kile kifua chake kipana, na ndani ya dakika mtoto kalala. Mama mkwe anasema, "Mashallah, damu inajuana." Nami nimesimama pale na mikono mitupu, baba mtu.

Kisha Nzuani wakatangaza kujitenga na serikali ya Moroni. Mutsamudu ikajaa bendera na ngoma, na kwa wiki kadhaa watu waliniambia, "Wewe si kama wale wa Moroni, wewe ni mtu wetu." Mwezi wa tisa wa mwaka ule wa tisini na saba Moroni wakaleta askari, wakapigwa, na watu wa Mutsamudu wakazika maiti wao. Kuanzia hapo sikuwa tena mtu wao. Asubuhi nilikuta mlango wa kibanda umepakwa kinyesi. Hakuna aliyenipiga. Walinyamaza tu nilipopita, na kichochoro chembamba kile, ukinyamaziwa ndani yake, huna pa kugeukia.

Nilimwambia mke wangu twende Moroni sote. Alikuwa anakaza shiromani yake kiunoni, lile vazi jekundu la wanawake wa Nzuani, na hakuinua macho.

"Nyumba nimwachie nani?"

"Mtoto basi. Nipe mtoto. Moroni kuna madaktari."

Shemeji alikuwa ameketi kizingitini. Ndiye aliyejibu, wala si mke wangu. "Mtoto huyu haiwezi bahari, shemeji. Mawimbi yatamwua. Tangulia wewe, mambo yakipoa utarudi."

Alisema kwa upole, na alisema kweli, na ndiyo maana nilimchukia. Usiku wake nikapanda chombo cha kubebea ng'ombe. Mke wangu alinifungia mkate wa siniya katika kitambaa na akalia. Shemeji ndiye aliyenibebea cherehani hadi gatini.

Moroni nilipanga chumba Magoudjou, pale pa watu wengi na biashara ndogondogo, nikaweka cherehani mlangoni. Nako huko nikapewa jina jipya: shemeji wa waasi. Watu walileta suruali zao nipunguze na hapohapo wananiuliza wakwe zangu wamepata ngapi za kuuza nchi. Simu za Mutsamudu mara zinapita, mara zimekatwa. Habari za nyumbani nilizipata kwa mama mmoja Mnzuani aliyefanya biashara ya viazi na vitunguu, akija na kurudi kwa vyombo vya magendo. Alikuwa anakuja kuketi juu ya ndoo yake mbele ya cherehani yangu, anavua viatu, na kunihadithia habari za nyumbani kwangu kana kwamba ni za watu wengine.

Kila Idi nilimshonea binti yangu gauni na kumpa mama huyu alipeleke. Sikuwa na kipimo. Nilimpima kwa kukisia, nikiwatazama watoto wa Magoudjou wa rika lake. Gauni la kwanza lilimzidi mno, kwa sababu watoto wa Magoudjou walikuwa wazima na wangu hakui. La pili nikalibana, na likaja jibu kwamba limembana kifua hawezi kuhema, kwa hiyo wamempa mtoto wa jirani. "Lakini usijali," mama wa viazi aliniambia, "mjomba wake kamnunulia jingine, la buluu, limemkaa!" Nililishona tena kichwani lile gauni la buluu mwaka mzima, na kila mara nililikuta na kosa.

Siku moja alikuja, na kabla hata ya kutua ndoo akaanza kusema. "Shemeji yako mwanamume kweli! Kamvusha mtoto hadi Maore."

Maore ndicho kisiwa kilichobaki mikononi mwa Wafaransa. Kuna hospitali, na kuna doria za polisi baharini, na watu wetu huvuka kwa kwasa, mashua ya fiba yenye mashine, na wengi hawafiki. Mtoto alizidiwa, midomo ikawa ya zambarau, na mjomba akamfunga kifuani kwa shiromani ya dada yake na kuondoka. Yuleyule aliyesema mtoto haiwezi bahari! Kwangu mimi haikuwezekana. Kwake yeye ikawezekana.

"Na hospitalini," mama wa viazi aliendelea, macho yanang'aa, "Wafaransa wakauliza, baba wa mtoto yuko wapi? Akajipiga kifua: mimi ndiye baba. Wakampokea palepale!"

Nilikanyaga cherehani nikashona mguu wa suruali ya mteja ukafungika kabisa, usiingie mguu wala kidole.

Jioni nilikwenda Badjanani, kwa mtu mwenye simu nyuma ya duka lake karibu na Msikiti wa Ijumaa wa zamani, na safari hii ikapita. Mke wangu alidhani nimepiga kushukuru.

"Amesema yeye ni baba yake," nikamwambia.

"Ewa. Ndiyo wakampokea."

"Mimi ndiye baba yake."

"Ungetaka aseme nini? Baba yuko Moroni anashona?" Kisha akapoza sauti. "Mtoto anaishi, bwana. Wamempa dawa ya moyo. Mengine ni maneno tu."

Maneno tu! Mtu ambaye nyumba yake inaitwa kwa jina la mama yake anaweza kusema hivyo. Mimi baba ndilo jina pekee nililokuwa nalo ambalo sikulinunua wala kupewa kwa kuhurumiwa.

Na halikuchukuliwa jina peke yake. Shemeji alirudi Mutsamudu na maelezo ya daktari. Daktari alisema inawezekana ugonjwa uko kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vya nguvu vilivyomo ndani ya kila seli ya mwili. Moyo unanenepa kwa kukosa nguvu. Na akasema, kumfariji yule aliyemdhani ni baba, kwamba vinu hivyo mtoto huvipata kwa mama tu, baba hana lake. Neno "inawezekana" lilizama njiani. Hadi habari ifike Mutsamudu imekuwa hukumu, na hadi inifikie Moroni, juu ya ndoo ya mama wa viazi, ilikuwa hivi: "Ni ugonjwa wa upande wa mama. Wewe humo kabisa."

Niliwaza: hata hili. Sura ni yao, nyumba ni yao, mikono inayombembeleza ni yao, na sasa ugonjwa nao ni manyahuli. Binti yangu anaumwa urithi wa wanawake wa Mutsamudu, na mimi sikumwachia hata homa.

Baadaye Moroni nako kukachafuka. Vijana walipita vichochoro wakiwatafuta Wanzuani, wakawatia vyomboni kwa nguvu. Mama wa viazi nilimficha chumbani kwangu siku mbili, nyuma ya vitambaa, mpaka jirani akamchongea. Walimpeleka bandarini bila viatu. Nilimfuata na viatu vyake mkononi, na alipogeuka kuvipokea alikuwa analia. Nitasema nilichokihisi, liwe liwalo: nilimwonea wivu. Alikuwa anafukuzwa kwenda Mutsamudu. Kesho angemwona binti yangu, na mimi niliyekuwa na haki zote za Moroni ningebaki Moroni.

Viongozi walipopatana na vyombo vikaanza tena kwenda na kurudi, nilikuwa katika abiria wa mwanzo. Binti yangu alikuwa na miaka mitano kasoro, mdogo kama wa mitatu, amekaa mgongoni kwa mjomba wake kwa kuwa ngazi za mji hazimudu. Mama mkwe akamwambia, "Msalimie baba yako."

Mtoto akainamia sikio la shemeji akamwambia, "Kwezi, baba."

Wote wakacheka. Shemeji akamgeuza kwa upole anitazame. "Si mimi, yule. Baba wa Ngazija." Na tangu hapo nikawa Baba wa Ngazija, kana kwamba mababa huagizwa kisiwa kwa kisiwa.

Nilimtaka mke wangu anizalie mwingine. Sitaficha kusudi langu: nilitaka mtoto nitakayekuwapo tangu siku ya kwanza, nimbebe mimi kabla hajajua harufu ya mtu mwingine. Alikataa. Sikuambiwa sababu. Alimeza vidonge vya hospitali mbele yangu kila siku baada ya chai, na nikimwuliza anasema, "Bado," mwaka unapita, "Bado." Nilijua nani kamshauri. Nilimwona shemeji akinong'ona na dada yake jikoni nikasema, haya ndiyo hayo, anataka huyu mtoto mmoja abaki wa kwake. Miaka mingi nilikula wali wa nyumba ile na fikra hiyo, na wali ulikuwa mzuri.

Binti akakua kwa dawa. Maore walimweka karibu na hospitali, akasoma huko, akawa msichana wa maneno makali na pumzi fupi. Katika hospitali ile baba yake alikuwa bado ni shemeji. Aliyeanza uongo kwa kuokoa roho hawezi kuuacha bila kuhatarisha makaratasi ya mtoto, kwa hiyo kila alipoitwa alivuka, akaketi kwenye kiti cha baba. Mimi nilipelekewa salamu.

Alipokaribia kumaliza shule, madaktari wakasema sasa jeni zinaweza kusomwa moja moja. Walimtoa damu binti, wakamtoa mama, wakamtoa baba, yaani shemeji, ambaye alinyosha mkono bila neno. Mke wangu alipokwenda kumtazama mtoto, daktari alimwita peke yake na kufunga mlango. Alinihadithia mwenyewe kwa simu usiku ule, anacheka na kulia pamoja.

"Akaniuliza, bibi, unisamehe, kuna uwezekano kwamba huyu bwana si baba mzazi? Nikamwambia, baba mzazi wa nani? Akasema, wa binti. Astaghfirullah! Nikamwambia, daktari, huyo ni kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja! Alibadilika rangi mzungu wa watu, sikujua atadhani nini. Ikabidi nimweleze yote, toka vurugu, toka kwasa."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Damu yake haikulingana," akasema. "Wanakutaka wewe."

Nikamwambia arudie.

"Wanakutaka wewe, bwana. Damu yako."

Nilipimwa Mutsamudu. Nilivaa kanzu ya Idi kwenda kutolewa damu. Muuguzi akanitazama akaniuliza kama natoka harusini.

Majibu yalikuja kwa simu, Ijumaa baada ya sala, tumekaa ukumbini: mke wangu, shemeji na mimi. Simu ikawekwa juu ya meza, sauti juu. Alikuwa binti yangu mwenyewe. Daktari amemweleza na yeye kaelewa, kichwa chake hakikuugua kamwe.

"Baba wa Ngazija yupo?"

"Nipo."

"Sikiliza basi. Ile mitokondria, vinu vya nguvu, ni kweli naipata kwa mama. Lakini ndani ya vinu mna vijikarakana vya kuunda protini, vinaitwa ribosomu. Vijikarakana vyenyewe vimeungwa kwa vipande vingi, na kipande kimoja kimeharibika kwangu. Maelekezo ya kipande hicho ni jeni, jina lake MRPL44. Na hiyo jeni haikai kwenye vinu. Inakaa kwenye kiini cha seli, na mtu ana nakala mbili, moja ya mama, moja ya baba. Ukiwa na nzima moja tu, huugui. Zangu zote mbili zina kosa. Moja imetoka kwa mama." Akavuta pumzi. "Nyingine imetoka kwako."

"Na mjomba?" nikauliza.

"Mjomba hana. Mjomba ni mzima kabisa."

Nilisimama. Nilisema "Alhamdulillahi" kwa sauti kubwa, katika nyumba ile ambayo sikuwahi kupandisha sauti, na sikuona aibu. Nusu! Siyo kope, siyo kidole gumba. Ndani kabisa, mahali ambapo mikono ya kubembeleza haifiki, kulikuwa na kipande changu, na kilikuwa kibovu, na kilikuwa changu. Nilimtazama shemeji. Nilitaka aumie. Nilitaka mara moja katika maisha yake ajue kukaa pembeni ya mtoto unayempenda ukiambiwa humo. Naye, ole wake, aliinamisha kichwa, na niliona imemfikia. Nilifurahi, na nikaketi tena kama mwenye nyumba.

Mke wangu alikuwa amesogea karibu na simu. Hakunitazama mimi wala kaka yake.

"Mwanangu," akasema, "siyo ya mama peke yake?"

"Siyo, mama."

"Kwa hiyo ningezaa mwingine..."

"Angeweza kuugua, ndiyo, angeweza. Lakini daktari anasema kila mimba, nafasi tatu kwa nne mtoto kuwa mzima. Si kama mlivyodhani zamani kwamba kila atakayetoka kwako ataugua." Kule Maore kengele ikalia, akasema, "Naitwa, nitapiga tena," na simu ikanyamaza.

Mke wangu alikuwa na umri wa bibi sasa. Mambo ya kuzaa yalikuwa yamempita tangu mwaka uliopita. Aliishika ile meza kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuihamisha, asijue aipeleke wapi. Shemeji akasema jina lake la utotoni, taratibu. Hakumsikia. Aligeuka akanitazama, na ndipo nikaelewa ile "bado" ya miaka yote, na kwamba hakuna mtu aliyemshauri jikoni.

"Basi wale wengine," akasema, "niliwaogopa bure."